Kona Zote Ni Zake: Civic Type R FL5 Barabarani

Aisee, hili gari linakata kona! Nimeendesha hachibaki za kasi za kila namna, za Kijerumani, za Kifaransa na za Kijapani, na sijawahi kushika usukani wa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele likaingia konani kwa utii wa namna hii. Unageuza usukani kidogo tu, pua imeshafika. Unakanyaga mafuta ukiwa bado katikati ya kona, jambo ambalo kwenye magari mengi ya aina hii ni kujitafutia balaa, na badala ya gari kutanuka kuelekea ukingoni, linajivuta kwenda ndani. Unakanyaga zaidi. Linajivuta zaidi! Nilijikuta napiga kelele peke yangu humo ndani.

Hii ni Honda Civic Type R ya kizazi kipya kabisa, ile ambayo wapenzi wake wanaiita FL5, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Julai 2022. Injini yake ni ya lita mbili yenye tabo, nguvu za farasi 329 kwa magari ya Ulaya, msokoto wa Nm 420, na gia sita za mkono. Otomatiki haipo, na Mungu awabariki waliokataa kuiweka. Lakini naomba tusikae sana kwenye farasi. Siku hizi nguvu zinapatikana popote. Hata gari la umeme la kumpeleka mtoto shule linakubandika kwenye kiti. Kazi kubwa ya Honda iko chini, kwenye miguu, na ndiyo iliyonifanya nisilale.

Nimeliendesha kaskazini mwa Wales, kwenye barabara ya A543 inayopanda kutoka Pentrefoelas kupitia nyanda za juu hadi Denbigh. Ni barabara ya kondoo na upepo, lami imejikunja, inapanda na kushuka bila taarifa, na mvua ilikuwa imepita alfajiri. Mwendo unaoruhusiwa ni maili 60 kwa saa, yaani kama kilomita 96, na kwa barabara ile unatosha kabisa kulifunua gari tabia yake. Tena bahati ilinikalia: marafiki wawili walikuja na kaka zake wakubwa. Mmoja alikuja na EK9, Civic Type R ya kwanza kabisa, na mwingine na FK8, iliyotangulia hii mpya. Tukawa tunabadilishana funguo.

Nilianza na EK9, kwa sababu bila yeye hakuna ukoo. Ilitoka Agosti 1997 na iliuzwa Japani tu. Zilizo Uingereza zililetwa na watu wenyewe. Ina injini ya lita 1.6 isiyo na tabo, farasi 185 zinazopatikana mzunguko wa 8,200 kwa dakika, na uzito wa kilo elfu moja na hamsini na kitu. Matairi yake ni 195/55 ya rimu 15, membamba mpaka unamwonea huruma. Kumbe huruma ya nini! Kule mbele kila gurudumu limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, na usukani unasaidiwa na mafuta, siyo mota ya umeme. Kila kokoto unalopita unalisikia kwenye viganja. Unajua tairi la kushoto linashika kiasi gani na la kulia limebakiwa na kiasi gani, kabla halijaanza kuteleza. Injini ikifika karibu 6,000 sauti inabadilika ghafla, inapiga yowe, na gari zima linachangamka. Ukiachia mafuta katikati ya kona, mkia unaanza kutoka taratibu, unakusaidia kugeuka. Ni gari linalomfundisha mtu kuendesha, na hadi leo nasema wazi: kwa mazungumzo kati ya lami na mikono ya dereva, hakuna Type R iliyoishinda.

Sasa, katikati hapo ukoo ulipita kwenye mabonde. EP3 ya mwaka 2001, iliyojengwa Swindon, ilikuwa na injini tamu ya lita mbili na kile kijiti cha gia kilichochomoza kwenye dashibodi, ambacho mpaka leo nakitamani. Ila mikono miwili ya mbele ilikuwa imeondolewa, ikawekwa shokapu ya kawaida inayobeba kila kitu, na usukani wa umeme wa kizazi kile ulikuwa bubu. FN2 ya 2007 ikaenda mbali zaidi: nyuma wakafunga boriti moja ya kuunganisha magurudumu mawili, kwa hiyo gurudumu la kulia likiangukia shimo, la kushoto nalo linapata habari. Ilikuwa ngumu, inarukaruka, na kwenye lami mbovu nyuma haikutulia. Nawaheshimu wanaoipenda kwa sura yake na sauti yake. Kwenye kona, hapana.

FK2 ya 2015 ndiyo iliyorudisha vita. Tabo ikaingia, farasi 310, na kwa mara ya kwanza wakaleta ule mfumo wa mbele ambao FL5 inaurithi. Naomba nikae hapa kidogo, maana siri yote iko hapa.

Gari likivutwa na magurudumu ya mbele, magurudumu hayo yana kazi mbili: kuvuta na kugeuza. Kwenye mguu wa kawaida, shokapu na kile chuma kinachobeba gurudumu ni kitu kimoja, na vyote vinazunguka pamoja unapokata usukani. Mstari ambao gurudumu linauzunguka unapita mbali na kitovu cha gurudumu lenyewe. Umbali ule ni wenzo. Injini ikisukuma kwa nguvu, wenzo ule unaunyang'anya usukani kutoka mikononi mwako. Gari linakwenda linakotaka. Farasi 150, unavumilia. Farasi 300, unapigana mieleka. Honda walichofanya ni kuvitenganisha: shokapu ibaki imesimama mahali pake isizunguke, na chuma cha gurudumu kizunguke chenyewe kwa maungio yake mawili, ya juu na ya chini, yaliyosogezwa karibu na kitovu. Wenzo ukafupishwa. Ni kama kusukuma mlango ukiwa umeweka mkono karibu na bawaba: sukuma utakavyo, hausogei. Hapo kati pakafungwa difu isiyoachia tairi moja lizunguke bure, na nguvu zote zikaenda chini kwenye lami.

FK2 ilikuwa na mbele ya ajabu, lakini nyuma bado boriti, na ukibonyeza kitufe cha +R shokapu zilikakamaa mpaka meno yanagongana. FK8 ya 2017 ikatibu hilo: nyuma ikapata mikono mingi inayojitegemea kila upande, na ikaongezwa hali ya Comfort kwa ajili ya binadamu wa kawaida. Asubuhi ile ya Wales nilipoingia FK8 baada ya EK9, nilihisi nimeruka karne. Inashika! Inatisha kwa inavyoshika. Ukisahau mabawa yake na vile vijitundu vya bandia kwenye bampa, ni gari la kuheshimiwa mno.

Kisha nikakabidhiwa ufunguo wa FL5.

Kwenye karatasi tofauti zinaonekana ndogo. Umbali kati ya ekseli umeongezeka milimita 35, umefika 2,735. Magurudumu yametanuliwa kati ya kulia na kushoto. Rimu zimeshuka kutoka inchi 20 hadi 19, na matairi yakaongezeka upana kutoka 245 hadi 265. Injini ni ileile, imeongezewa pumzi kidogo. Mtu akisoma hayo atasema wamepaka rangi tu. Akae kwenye gari!

Kuna kona moja pale juu kwenye A543, baada ya kuteremka kidogo, inayoelekea kushoto na inafungwa zaidi kuliko unavyotarajia. Katikati yake lami imebonyea, shimo pana lisilo refu, pale hasa ambapo matairi ya nje yamebeba uzito wote. Kwenye EK9 shimo lile linalirusha gari kando kama upana wa kiganja, na unarekebisha kwa kidole. Kwenye FK8, ukiwa umeweka +R, magurudumu yanalipiga lile shimo, gari linadunda, na kwa nukta moja usukani unakuwa mwepesi. Kwenye FL5 nilifunga breki, nikapangua gia hadi ya tatu, injini ikajipandisha mzunguko yenyewe ili ilingane na gia, nikageuza, nikalisubiri lile shimo. Lilipita. Nililisikia tairi la nje likishuka na kupanda, taarifa kamili, safi, lakini bodi haikuyumba na usukani haukubadilika uzito hata chembe. Nikakanyaga mafuta hapohapo na difu ikaivuta pua ndani. Niligeuza gari kule mbele nikarudi kuirudia kona ile, kisha nikairudia tena, na kila mara gari lilinijibu vilevile.

Na usukani wenyewe! Ni wa umeme, ndiyo, lakini umeme huu umejifunza kusema. Haufikii EK9, sitadanganya, na sidhani kama kuna usukani wa umeme utakaofika kule. Lakini pengo kati ya EK9 na FK8 lilikuwa bonde. Kati ya EK9 na FL5 ni hatua chache. Unasikia uzito ukijengeka kadiri tairi linavyobanwa, unasikia pia linapoanza kuchoka. Kijiti cha gia kina kichwa cha alumini, baridi kali asubuhi, na safari yake ni fupi, kila gia inaingia kwa mlio mdogo wa chuma uliokamilika. Sijagusa gia za mkono bora kuliko hizi kwenye gari lolote jipya.

Wapenda takwimu watauliza kuhusu uwanja wa mbio wa Nürburgring. Aprili 2023 Honda walitangaza kwamba FL5 ilizunguka njia ya Nordschleife ya uwanja huo kwa dakika 7 na sekunde 44.881, rekodi ya wakati ule ya magari ya kuvutwa mbele, ikiwa na matairi ya Michelin Pilot Sport Cup 2 Connect. FK8 ilikuwa na 7:43.80 na kuna watu wamekwisha kutangaza kwamba mpya imezidiwa kasi. Tulieni. Muda wa FK8 ulipimwa kwa njia fupi ya kilomita 20.6, wa FL5 ni kwa mzunguko kamili wa kilomita 20.832. Mita mia mbili na zaidi za ziada, na tofauti ni sekunde moja tu. Fanyeni hesabu wenyewe.

Yapo ya kulalamikia, nayo si mengi. Upana wa milimita 1,890 unatisha ukikutana na trekta kwenye njia ya kijijini yenye kuta za mawe pande zote. Uzito ni kilo 1,429, karibu kilo mia nne zaidi ya EK9, na kwenye kona za kubanana zinazopokezana kushoto na kulia yule mzee bado anabadilisha mwelekeo kwa wepesi ambao mjukuu hana. Sauti ya ekzosi ni ya kistaarabu kupita kiasi. Viti vya nyuma vinabeba watu wawili, basi.

Kwa wasomaji wa nyumbani, hii si hadithi ya mbali. FL5 inajengwa Yorii, mkoani Saitama, na magari ya soko la Japani yana usukani wa kulia kama yetu. Kenya inaruhusu magari yaliyotumika yasiyozidi miaka minane, kwa hiyo mlango wa EK9 ulishafungwa zamani, lakini FL5 ina muda wa kutosha wa kushuka bei na kupanda meli kuelekea Mombasa. Matuta yetu yatahitaji subira, maana gari liko chini. Lakini hebu fikiria gari hili kwenye zile kona za kuteremka Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, alfajiri, kabla malori hayajaamka!

Ukilipata, usiliweke kwenye +R ukaliacha humo. FK8 ilikulazimisha uchukue kifurushi kizima, ila hii mpya ina hali ya Individual, unapanga kila kitu peke yake. Injini iweke +R. Usukani uweke Sport, kwa sababu +R inaupa uzito usio na habari yoyote ya ziada. Shokapu ziache Comfort, ndiyo, Comfort, hata ukiwa na haraka, kwa sababu kwenye barabara halisi yenye mashimo tairi linaloruhusiwa kupanda na kushuka ndilo linaloendelea kushika. Mfumo wa kujipandisha mzunguko unapopangua gia unaweza kuuzima kama miguu yako inajua kazi. Hifadhi mpangilio huo, kisha tafuta kona ya gia ya tatu iliyobonyea katikati, ukanyage mafuta mapema kuliko moyo unavyokuruhusu.