Kimeng'enya kizuri, lakini frigo ni ya nani?

Wazo la kutengeneza upya vimeng'enya kwenye labo ili samaki wasioze haraka linavutia kabisa. Si la kubeza. Lakini tulisome polepole kabla ya kulipigia makofi, hasa sisi wa hapa Bukavu.

Uzuri wake ni huu. Bakteria wengi wanaoozesha samaki hawafanyi kazi kila mmoja kivyake. Wanatoa kemikali ndogo ndogo kama ishara. Zikijaa, wanajua tayari wako wengi, ndipo wote kwa pamoja wanaanza kutoa vitu vinavyoyeyusha nyama na kuleta harufu. Kimeng'enya kinachoitwa laktonasi kinakata ishara hizo. Bakteria hafi, anakosa habari tu. Laktonasi moja, SsoPox, ilitoka kwa kiumbe kidogo cha maji ya moto ya volkeno huko Italia, na watafiti, wakiwemo wa Marseille, wamebadilisha asidi amino zake ili ikate vizuri zaidi. Tena inavumilia joto kali. Kwa hiyo anayesema "itaharibika njiani" hana hoja hapo.

Hoja yangu iko pengine. Majaribio mengi ya namna hii yanafanywa kwenye nyuzi 4: vipande safi vya samaki, matumbo yametolewa, viko ndani ya frigo. Sisi samaki wetu ni sambaza. Aliletwa Kivu kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960, anavuliwa usiku kwa taa, anafika ufukweni asubuhi na tumbo lake lote. Na tumbo ndilo shida. Akishakufa, vimeng'enya vyake mwenyewe vinaanza kula ukuta wa tumbo, linapasuka, bakteria wa utumbo wanaingia kwenye nyama. Laktonasi haigusi hilo hata kidogo. Ni kukata simu ya wezi wakati mwenye nyumba ameshawafungulia mlango.

Halafu si bakteria wote wanaongea lugha moja. Shewanella baltica, mwozeshaji mkubwa wa samaki wa baharini waliowekwa kwenye baridi, anatumia ishara za aina nyingine, ambazo laktonasi haikati.

Tuje kwenye joto. Kanuni moja inayotumika sana kwa samaki inasema hivi: kwenye nyuzi 20 samaki anaoza karibu mara 9 kuliko kwenye barafu. Nyuzi 20 ndiyo hali ya kawaida ya Bukavu, na mji wetu si wa joto, muulize mtu wa Uvira! Sasa tuseme kimeng'enya kinapunguza kasi kwa nusu, jambo ambalo labo yoyote ingelisherehekea. Unabaki na mara 4 na nusu. Barafu inakurudisha kwenye moja. Ruzizi I iko palepale ziwa linapotokea, inatoa umeme tangu mwisho wa miaka ya 1950, lakini mama mwenye beseni moja ya sambaza Kadutu bado anakimbizana na jua. Jioni anashusha bei, au anakausha, au anapoteza mtaji.

Sisemi utafiti ule umekosea. Umeandikiwa mtu mwingine: yule ambaye frigo anayo tayari, anatafuta siku mbili tatu za ziada dukani. Kasoro inaanza pale tunapouchukua na kubadilisha jina la ziwa tu kwenye utangulizi.

Mwenye kutaka memwari juu ya jambo hili aanze na sambaza mwenyewe. Tumbo linapasuka baada ya masaa mangapi kwenye nyuzi 20? Aliyevuliwa ameshiba anatofautiana vipi na mwenye njaa? Chumvi ikiwekwa mtumbwini, kabla ya kufika ufukweni, inaongeza masaa mangapi? Vifaa ni beseni mbili, kipimajoto, mizani na saa. Laktonasi inaweza kungoja sura ya nne.