Daftari la Ziwa Tanganyika

Wenzetu wa Swima na vijiji vingine vya Fizi kando ya ziwa wajua vema maana ya maji kupanda. Toka mwaka 2020 hadi 2024 ziwa Tanganyika lilifurika, na watu wengi wakahama nyumba zao, tangu Uvira hadi Kalemie, na ng'ambo ya Burundi huko Gatumba. Wazee walikumbuka mwaka 1964, maana hata wakati ule maji yalipanda sana.

Siku hizi mabingwa hutengeneza kitu wanachokiita mfano wa maji. Si chombo cha chuma, bali ni hesabu ifanywayo kwa kompyuta. Nasi twataka kuipima kazi hiyo kwa haki: yafaa nini, na ina kasoro gani?

Asili yake ni nyepesi. Mwenye duka huandika mapato na matumizi. Ziwa nalo lina mapato: mvua inyeshayo juu yake, na mito kama Ruzizi na Malagarasi. Tena lina matumizi: maji yanayokaushwa na jua, na yale yatokayo kwa mto Lukuga, ulio mlango wake wa pekee. Mapato yakizidi, maji hupanda.

Hesabu hiyo hupima maneno ya watu. Wengi husema: "Ichimbwe Lukuga, nasi tutapona." Haya, tuhesabu. Eneo la ziwa ni kilometa za mraba 32,900 hivi. Tuseme Lukuga itoe meta za ujazo 100 zaidi kila sekunde, usiku na mchana, mwaka mzima. Ziwa litapungua sentimeta 10 hivi tu! Basi nyumba ya mchangani haiokoki upesi kwa njia hiyo. Tena mlango ukipanuliwa mno, miaka ya ukame itatuadhibu. Mwaka 1878 hivi maji yalipobomoa kizuizi cha Lukuga, ziwa lilishuka karibu meta 10 kabla ya karne ile kwisha. Hesabu haiwaamulii wakubwa, bali huwaonyesha matunda ya kila shauri kabla fedha haijatumika. Hapo twaisifu.

Walakini ina kasoro. Daftari la ziwa zima halioni mto wa mlimani. Mwezi wa Aprili 2020, waliokufa Uvira hawakuuawa na ziwa: mto Mulongwe ulishuka kwa ghafula kutoka milimani. Mito kama hiyo yataka hesabu yake yenyewe, na vipimo vya mvua huko juu. Pasipo vipimo, kompyuta nzuri hutoa majibu ya kubuni tu.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi: majibu hukaa mijini. Mvuvi anayejenga Swima hasomi vitabu vya mabingwa. Yeye ahitaji alama moja, jiwe lililopakwa rangi, limwambie: maji yalifika hapa, usijenge chini yake. Tena nchi kati ya mlima na ziwa ni nyembamba. Atakayeambiwa ahame hana budi kuonyeshwa pa kwenda, la sivyo hesabu itakuwa hukumu bila msaada.

Wengine watasema: "Maji ni kazi ya Mungu." Ndiyo, na akili nayo ni kazi yake. Wala tusiwalaumu wakubwa peke yao. Maji yakishuka, sisi wenyewe husahau, tukarudi kujenga palepale, kwa kuwa mitumbwi iko karibu.

Basi, tuanze kwa neno dogo. Kila kijiji kisimamishe nguzo yenye alama majini, na mwalimu mmoja aisome kila asubuhi na kuandika. Mabingwa watapata vipimo, nasi tutakuwa na haki ya kuwadai majibu. Kazi hiyo yaweza kuanza kabla ya mvua zijazo.