Jinsi ya kuipima video ya harusi iliyopigwa mkononi

Ukitaka kumpima mpiga video wa harusi kabla hujamlipa arubuni, usiridhike na ile video ya dakika mbili aliyoipandisha Instagram. Hiyo imekatwa, imepunguzwa kasi, imewekewa muziki, na kila kipande kimechaguliwa kwa makini. Mwombe akuoneshe faili moja zima la matarumbeta, vilevile lilivyotoka kwenye kadi: pikapu iliyobeba wapiga tarumbeta mbele, gari la maharusi nyuma, mashangazi wakicheza katikati ya barabara, jua la saa nane mchana likichoma, na yeye akitembea kinyumenyume na kamera mkononi. Pale hana taa ya kumsaidia wala nafasi ya kusema turudie. Ukilitazama faili hilo huku unajua cha kutafuta, dakika tano zinatosha kumjua.

Nimezitazama video nyingi za harusi za Dar es Salaam na Zanzibar kwa jicho la ukaguzi, na rai yangu ni hii: kila kamera ina udhaifu wake, na kila udhaifu huacha alama kwenye picha. Fundi aliyeiva anaijua kamera yake kiasi kwamba mwendo wake, mahali anaposimama na hata wakati anaobadilisha betri vyote vimepangwa ili alama hiyo isionekane. Bei ya kamera haitakuambia lolote kuhusu hilo.

Zamani harusi zetu zilipigwa kwa kamera za begani. Kamera ya aina ile ni nzito, inalala begani, inaegemea shavu, ina zumu ya mota, na inarekodi mfululizo mpaka kadi ijae. Uzito wenyewe ulikuwa unatuliza mkono. Kisha zikaja mirolesi, kamera zilizoondolewa kioo cha ndani ili mwanga uende moja kwa moja kwenye kihisi picha. Ya kwanza katika mfumo wa Micro Four Thirds, Panasonic Lumix G1, ilitoka mwaka 2008 na haikuwa hata na video. Mwaka 2016 Sony A6300 ilikuwa tayari inatoa video ya 4K kutoka kwenye mwili wa gramu 400 hivi. Ukumbi wenye giza ukaanza kuonekana, na nyuma ya bibi harusi taa za mapambo zikalainika zikawa duara za dhahabu. Lakini umbo lile lilibuniwa kwanza kwa picha za mnato: unainua, unabonyeza, unashusha. Kulishika saa sita mfululizo ni kazi nyingine kabisa.

Anza na mtikisiko. Kila mtu anauona, ila ni wachache wanaoutofautisha. Kuna mtetemo mdogo wa haraka unaotoka kwenye vidole na viganja, na lenzi ndefu ya milimita 85 huukuza mpaka picha inakosa raha kuitazama. Huo ni kosa siku zote. Kuna mruko wa hatua, fremu ikipanda na kushuka kila mguu unapogusa chini. Huo ni kosa kanisani, lakini kwenye matarumbeta, pale ambapo kila kilichomo ndani ya fremu kinaruka, kamera inayoruka kwa mdundo uleule inakuwa sehemu ya shughuli. Na kuna kuelea kwa polepole, kunakotokana na pumzi ya mtu aliyesimama wima. Wengi huona haya nako, wakakipeleka kipande kwenye programu ya kukigandisha. Mimi napenda kuelea huko. Mama anapompa binti yake nasaha, fremu inayopumua kidogo inanionesha kwamba aliyeshika kamera yuko karibu nao na anasikiliza. Tripodi ingenipa picha safi zaidi, na iliyo mbali zaidi nao.

Sasa mtazame mpigaji mwenyewe, kama unaweza kuhudhuria kazi yake moja. Mkono wa kulia uko kwenye mshiko, kiganja cha kushoto kiko chini ya lenzi kikiibeba, viwiko vimebana mbavu, na jicho limegusa kitundu cha kutazamia. Hapo kamera ina nguzo tatu: mikono miwili na paji la uso. Kamera za zamani zenye kioo zisingemruhusu, kwa sababu kioo kikiinuka ili video irekodiwe, kitundu huwa giza tupu. Mirolesi nyingi zina skrini ndogo ndani ya kitundu hicho, nayo inaendelea kuonesha picha muda wote. Ni zawadi kubwa, na inanisikitisha jinsi inavyoachwa: vijana wengi hunyoosha mikono mbele na kutazama skrini ya nyuma, kama wanavyoshika simu. Mwenye Sony ZV-E10 hana kitundu kabisa, hivyo huyo anapaswa kuuvaa ukanda shingoni na kuisukuma kamera mbele mpaka ukanda ukaze. Ukanda uliokaza unafanya kazi ya ile nguzo ya tatu.

Akitembea, magoti yawe yamelegea kidogo. Akienda mbele, kisigino kitangulie kisha unyayo ulale taratibu. Akirudi nyuma, vidole vitangulie, na msaidizi awe na kiganja mgongoni mwake kumwongoza. Lenzi pana ndiyo ya kutembea nayo, kwa sababu inaficha mtikisiko. Lenzi ndefu inasubiri mpaka apate nguzo au ukuta wa kuegemea bega. Anayetembea na milimita 85 mkononi bado hajaijua kazi yake.

Alama ninayoiamini kuliko zote iko mwishoni mwa kipande. Mwendo mzuri wa kamera una pa kuanzia na pa kufikia. Kamera inaondoka kwenye pete, inapanda na mkono wa bwana harusi, inafika usoni, inasimama, inakaa sekunde tatu au nne. Mpigaji asiyejiamini anaondoka kwenye pete, anafika usoni, anapita, anarudi, anakumbuka wazazi, anawafuata, anakosa fokasi, anakata. Mhariri mzuri anaweza kuificha hali hiyo kwa kukata mapema, na ndiyo maana nikasema uombe faili zima.

Baada ya hapo, acha kuutazama uso na utazame pembe za fremu. Mwaka 2012 Olympus OM-D E-M5 ilikuja na kihisi picha kinachoelea na kufidia mtikisiko kwa mielekeo mitano, na mwaka 2014 Sony A7 II ikaleta teknolojia ya aina hiyo kwenye kihisi kikubwa cha fremu kamili. Imeokoa kazi nyingi, lakini ina alama zake. Kwa lenzi pana sana, katikati ya picha hutulia huku pembe zikinepa na kuvutika, kwa sababu ukingoni mwa picha marekebisho yanayohitajika si sawa na ya katikati. Uso wa bibi harusi umetulia kama ulivyo, lakini nguzo za ukumbi pembeni zinacheza. Mpigaji anayelijua hili hupunguza hatua, au huacha milimita 16 na kutumia 24. Alama nyingine hutokea anapoanza kugeuza kamera: picha inang'ang'ania mahali, kisha inaachia kwa mshtuko. Dawa yake ni kuanza kugeuza kwa ulaini na kiuno, mikono ikifuata mwili.

A6300 na ZV-E10 hazina kihisi kinachoelea. Wenye kamera hizi hutegemea lenzi yenye utulivu wake, au, kwa mwenye ZV-E10, hutuliza picha baadaye kwa programu kama Gyroflow, ambayo ni ya bure na husoma kumbukumbu za mwendo ambazo baadhi ya kamera huandika ndani ya faili. Matokeo yake yanaweza kuwa ya ajabu, lakini jicho lililozoea linayatambua. Fremu imetulia tuli, na hapohapo taa zilizomo ndani yake zinachora mistari midogo ya ukungu, inayotokea na kupotea. Mistari hiyo ni mtikisiko wa kweli uliokwisha kuandikwa ndani ya kila fremu kabla programu haijaigusa. Fundi anayekusudia kutuliza baadaye huongeza kasi ya shata hadi 1/200 hivi ili kila fremu iwe kali, na huacha nafasi pembeni kwa sababu programu itakata kingo. Hata hivyo, kwa shata kali namna hiyo, mikono inayopiga makofi inaonekana kama inarukaruka. Ni biashara ya kupata hiki na kukosa kile, na mpigaji anapaswa kuiamua kabla hajabonyeza.

Ubaya mwingine unaonekana kwenye mistari ya wima. Kihisi cha kamera nyingi husomwa mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini, na kwa A6300 kusoma fremu moja ya 4K kunakula sehemu kubwa ya muda wa fremu yenyewe. Kamera ikigeuzwa haraka, juu ya kitu kinarekodiwa kabla ya chini, basi kitu kinalala upande. Nje ya kanisa la Azania Front pale Dar es Salaam, kamera ikifagia haraka kufuata gari la maharusi, mnara unainama. Vivyo hivyo mlango wa kuchonga wa Mji Mkongwe, Zanzibar. Mpigaji makini hageuzi haraka mbele ya wima. Husubiri gari liingie ndani ya fremu lenyewe.

Kuhusu mwanga nitasema machache, ingawa makosa yake ni mengi. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, na taa nyingi hupigapiga mara 100 kwa sekunde. Fremu 25 kwa shata ya 1/50 huenda sambamba na mapigo hayo. Anayeiacha kamera kwenye fremu 30 na shata ya 1/60, kwa sababu ndivyo mwalimu wake wa Marekani kwenye YouTube alivyosema, atapata mistari ya giza inayotambaa ukutani. Jenereta ikiwashwa mambo yanaweza kubadilika, kwa hiyo aangalie upya. Na nje, kwenye jua kali, shata ya 1/50 kwa ISO 100 inalazimisha lenzi ifungwe hadi f/22. Anayetaka f/2.8 anahitaji kichujio cha kupunguza mwanga cha ND64. Asiye na kichujio hupandisha shata hadi mamia na maelfu, na ndipo wacheza ngoma wanapoonekana kukatikakatika kama vikaragosi. Kwenye kichujio cha kuzungusha, tazama anga: kikizungushwa kupita kiasi juu ya lenzi pana huacha msalaba mweusi.

Gimbali, kile kishikio cha mota kinachotuliza kamera, nayo nimeulizwa sana habari zake. Inafuta mizunguko ya mkono vizuri mno, ila ule mruko wa hatua wa juu na chini unabaki, na asiyejua kutembea anajulikana palepale. Kwa maharusi kuingia ukumbini, gimbali inafaa. Kwa saa nzima ya zawadi na ndafu, picha inayoteleza bila kukoma inachosha, na mpigaji amefungwa mikono asiweze kuchuchumaa haraka mtoto anapokimbilia keki.

Slomo ni hirizi ya wasiojiamini. Fremu 50 zikichezwa kwa 25 hupunguza kasi kwa nusu na kulainisha mtikisiko wote. Ukiona video nzima iko hivyo, uliza kwa nini.

Kuna pia kamera kuzimika. Sheria ya ushuru ya Umoja wa Ulaya ilihesabu kamera inayorekodi dakika 30 au zaidi kuwa kamera ya video na kuitoza zaidi, basi watengenezaji wengi wakaweka kikomo cha dakika 29 na sekunde 59. Panasonic GH5 ya mwaka 2017 haikuwa na kikomo hicho. A6300 ina kikomo, na juu yake hupata joto ikajizima kwenye 4K, hasa kwa hali ya hewa yetu. Mwenye nayo huvuta skrini mbali na mwili wa kamera, huweka menyu iruhusu joto zaidi kabla ya kuzima, husimama kivulini, na husimamisha kurekodi kwa makusudi wimbo unapoimbwa ili aanze faili jipya kabla ya kiapo. Tafuta kiapo kwenye video zake za nyuma. Kikikatika katikati, au kikifunikwa na picha za maua, ujue kilichotokea.

Na sikiliza. Maikrofoni iliyo juu ya kamera ya mkononi husikia vidole vinavyohama kwenye lenzi, mota ya fokasi na kiyoyozi. Padri au sheikh akinyamaza, sikiliza kama mvumo unapanda wenyewe taratibu: hiyo ni kamera inayojipandishia sauti, na mpigaji hakuizima hali hiyo. Kazi nzuri ina maikrofoni ndogo kifuani mwa bwana harusi na kinasa sauti kwenye miksa ya ukumbi. Video iliyotikisika kidogo na yenye sauti safi utaitazama tena na wajukuu. Iliyotulia lakini kiapo hakisikiki utaifunga baada ya dakika moja.

Unapokwenda kukubaliana naye, kaeni mbele ya televisheni, maana simu inaficha karibu yote niliyoyataja. Tazameni faili la matarumbeta mpaka mwisho, kisha andikeni kwenye mkataba ni nani hasa atakayeshika kamera siku hiyo, maana ofisi nyingi huonesha kazi ya fundi mmoja na kumtuma mwingine. Nawe umtendee haki: mpe msaidizi wa kumshika mgongo, mwambie MC asimsimamie mbele, na umtengee sahani ya chakula.