Asidi ya Kaboliki: Namna Ilivyotumiwa na Namna ya Kujihadhari Nayo

Katika lami ya makaa ya mawe mkemia wa Kijerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, alitenga mwaka 1834 asidi ya kaboliki, ambayo maabara za leo huiita fenoli: fuwele nyeupe zenye harufu kali, ziyeyukazo kwenye joto la nyuzi 41 hivi. Khatari yake kubwa si kule kuunguza peke yake, maana asidi nyingi huunguza. Ni kwamba hutia ganzi pale pale inapounguza, hata aliyepatwa asihisi maumivu makali ya kumwonya, ilhali sumu inapenya ngozini na kuingia damuni.

Joseph Lister, daktari mpasuaji wa Glasgow, alikuwa amezisoma kazi za mkemia wa Kifaransa, Pasteur, juu ya uozo, na akapata habari kwamba mjini Carlisle asidi hiyo hutiwa katika maji machafu yakaondokewa na uvundo. Tarehe 12 Agosti 1865 aliletewa mtoto wa miaka 11 aliyekanyagwa na gurudumu la gari, muundi umevunjika na nyama imepasuka. Na jeraha la namna hiyo, zama zile, aghalabu liliishia katika usaha, kukatwa mguu, au mauti. Lister alilisafisha kwa asidi isiyozimuliwa, akalifunika kwa kitambaa kilicholowa asidi hiyo hiyo. Siku ya nne alipolifungua hapakuwa na usaha, lakini ngozi ya kandokando ilikuwa imewiva wekundu kwa ukali wa dawa yenyewe. Hapo ndipo ulipodhihirika ustadi wake, kwani hakuitupa dawa wala hakuishikilia kama ilivyokuwa, bali aliizimua kwa maji na kwa mafuta ya zeituni, akiifuata hali ya ngozi. Na baada ya wiki sita mifupa ilikuwa imeunga.

Matokeo yalithibitika kwa hesabu: kabla ya utaratibu huo, katika wagonjwa wake 35 waliokatwa viungo walikufa 16; baada ya kuuanza, kati ya mwaka 1867 na 1869, katika wagonjwa 40 walikufa 6. Hata hivyo, alipoanza kuinyunyiza asidi hewani wakati wa upasuaji, waliokuwamo chumbani wote waliivuta, mikono ya madaktari ikageuka myeupe na kufa ganzi, na wako waliotokwa na mkojo mweusi, ambao ni dalili ya sumu hiyo mwilini. Lister aliuacha unyunyizaji huo, na mwaka 1890, mbele ya madaktari waliokutana Berlin, akatamka hadharani kwamba anajuta kuupendekeza.

Mwenye kuishika fenoli leo, mathalan katika kutenga DNA, na aanze na glavu: zile nyembamba za hospitalini hupenywa upesi na fenoli kali, kwa hiyo hutakiwa nene za neoprini au butili, pamoja na miwani ya kinga na koti la maabara, na kazi ifanywe ndani ya kabati la kuvutia mvuke. Ikimdondokea, doa jeupe juu ya ngozi limtoshe kuwa onyo, asingoje kuumwa. Nguo zilizolowa zivuliwe mara moja, na mahali pale pafutwe kwa polietilini glikoli ya 300 au 400, pamba ikibadilishwa tena na tena. Isipokuwapo, paoshwe chini ya maji mengi yatiririkayo, kwani maji machache huieneza fenoli juu ya ngozi bila ya kuiondoa. Kisha apelekwe hospitali hata akijiona mzima, kwa kuwa sumu iliyokwisha kuingia hushambulia moyo, neva na figo.

Kwa kuwa mwili hauwezi kutegemewa kupiga kelele, hadhari yote lazima itangulie kazi: polietilini glikoli iwe mezani kabla ya chupa ya fenoli kufunguliwa, bomba la maji liwe limejaribiwa, na asiwepo mtu afanyaye kazi hiyo peke yake. Mkuu wa maabara asiyeweza kuyatimiza hayo matatu, haki ya wanafunzi wake ni kwamba chupa hiyo ibaki imefungwa.