Kutyuni Injini ya Turbo katika Mwinuko wa Nairobi

Mmiliki wa Subaru yenye turbo anapotaka kuongeza nguvu za gari lake, maswali yake ya kwanza huwa ya kifaa: kompyuta ya injini ibaki ile ya kiwandani na programu yake ibadilishwe, au iondolewe na nyingine ifungwe mahali pake, kebo ipi inunuliwe, na leseni ya kampuni gani ilipiwe. Swali la fundi, yaani nani ataandika hesabu ndani ya kompyuta hiyo na atazithibitisha kwa kipimo gani, huja baadaye, mara nyingi baada ya fedha nyingi kutumika. Uchambuzi huu unashikilia kwamba utaratibu huo umepinduka, na kwamba Nairobi, kwa mwinuko wake na kwa asili ya magari yanayoingia humo, huonyesha madhara yake mapema kuliko miji iliyo karibu na usawa wa bahari.

Kutyuni ni kubadilisha majedwali ambayo kompyuta ya injini huyatumia kuamua mambo matatu makuu: petroli kiasi gani imwagwe na nozeli, cheche ya plagi itoke nyuzi ngapi za mzunguko wa kranki kabla ya pistoni kufika juu kabisa, na turbo iruhusiwe kusukuma hewa kwa shinikizo gani. Petroli huungua kikamilifu inapochanganyika na hewa kwa uwiano wa takriban 14.7 kwa 1 wa uzito, uwiano ambao mafundi huuita lambda 1. Lakini injini yenye turbo inapovuta kwa nguvu zake zote huhitaji petroli zaidi, kwa kawaida kati ya lambda 0.75 na 0.80, ili ziada hiyo ipooze chumba cha mwako. Kinachoogopwa hapo ni kugonga, hali ambayo sehemu ya mchanganyiko isiyofikiwa bado na mwali wa plagi hulipuka yenyewe kwa joto na mgandamizo, na mawimbi ya mlipuko huo hupiga kichwa cha pistoni. Katika injini za Subaru za lita 2.5 zenye turbo, ambazo pistoni zake za kiwandani ni za kumiminwa, sehemu inayovunjika mapema ni kingo nyembamba zilizo kati ya mifereji ya ringi, na zikishavunjika injini hupoteza mgandamizo katika silinda hiyo na haina budi kufunguliwa.

Mapenzi ya Wakenya kwa Subaru yana historia ya heshima, kwani Colin McRae alishinda Safari Rally ya mwaka 1997 akiendesha Impreza, na Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka 2000. Hata hivyo, Impreza na Forester nyingi zilizo barabarani leo zilifika zikiwa zimetumika Japani, chini ya kanuni ya Kenya inayozuia kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka minane, na programu zake ziliandikwa kwa ajili ya petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kiwango cha taifa cha nchi hiyo kinaitaka iwe na okteni isiyopungua 96. Okteni ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka yenyewe. Gari la aina hii haliwezi kudhaniwa kwamba litapata petroli ya kiwango hicho katika kila kituo kati ya Nairobi na Malaba, kwa hiyo hata kabla ya kuongezewa kifaa chochote tayari linafanya kazi nje ya masharti liliyoandikiwa.

Mwinuko ndio unaostahili kutazamwa kwa kina zaidi, kwa sababu hapo ndipo mafaili ya kutyuni yaliyonunuliwa kutoka nje huharibikia. Katika usawa wa bahari, kama Mombasa, shinikizo la hewa ni takriban kilopaskali 101. Nairobi, iliyo kwenye mita 1,700 hivi, ni karibu 83. Na barabara ya Eldoret inapopanda Timboroa, kwenye zaidi ya mita 2,700, hushuka hadi karibu 74. Geji ya turbo iliyo kwenye dashibodi huonyesha tofauti tu kati ya shinikizo lililo ndani ya mabomba na lile la nje, ilhali injini huvuta jumla ya tofauti hiyo na shinikizo la nje. Geji ikisoma kilopaskali 100 Mombasa, injini inapata 201. Ikisoma 100 hiyo hiyo Nairobi, inapata 183. Fundi asiyetofautisha vipimo hivi viwili atahitimisha kwamba gari limepungukiwa nguvu, ataongeza shinikizo hadi lifikie nguvu za pwani, na hapo ndipo tatizo linapoanza.

Ili kuipa injini kilopaskali 201 Mombasa, turbo huhitaji kuzidisha hewa ya nje mara mbili. Ili kuipa kiasi hicho hicho Nairobi, lazima iizidishe takriban mara 2.42. Hewa inayogandamizwa hupata joto, na kwa turbo yenye ufanisi wa asilimia 70 inayovuta hewa ya nyuzi 25 za selsiasi, hesabu ya fizikia huleta karibu nyuzi 118 katika hali ya kwanza na karibu 147 katika ya pili, kabla hewa hiyo haijafika kwenye intakula inayoipooza. Nyuzi hizo 30 hivi za ziada huwekwa juu ya petroli ambayo okteni yake tayari ina mashaka. Zaidi ya hayo, turbo ndogo za kiwandani zikilazimishwa kufikia uwiano huo huzunguka nje ya eneo la ufanisi wake, na joto hupanda kupita hata hesabu iliyotolewa hapa. Kwa hiyo fundi wa Nairobi anayejua kazi yake hulenga shinikizo dogo kuliko lile linaloandikwa katika matangazo ya vifaa vya Ulaya na Marekani, kisha hutafuta nguvu katika taimingi, yaani wakati wa cheche, iliyopangwa vizuri na katika hewa iliyopoozwa. Na mteja anayeona uamuzi huo kuwa woga hajaelezwa hesabu hii.

Baada ya hayo ndipo swali la kompyuta linapopata jibu la maana. Kompyuta za Denso za biti 32, zilizofungwa kwenye Subaru za miaka ya 2000 na kuendelea, huruhusu majedwali yake kusomwa na kuandikwa upya kupitia soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani. Njia zinazojulikana ni tatu: EcuTek ya Uingereza, ambayo fundi hununua leseni kwa kila gari, Accessport ya kampuni ya Cobb ya Marekani, kifaa cha mkononi kinachofungamanishwa na gari moja na ambacho lazima kithibitishwe kwa namba ya kompyuta yenyewe, maana gari la Japani na la Marekani lenye jina moja laweza kubeba programu tofauti, na kebo ya Tactrix pamoja na programu huria ya RomRaider, njia ambayo gharama yake ni ndogo lakini kebo yake imeigwa sana. Kebo bandia ikikata mawasiliano katikati ya kuandika, au betri ikishuka nguvu wakati huo, kompyuta hubaki na programu nusu na gari haliwaki. Ndiyo sababu chaja thabiti huunganishwa kwenye betri kabla ya kazi kuanza.

Kompyuta huru, kama zile za Link ya New Zealand au Haltech ya Australia, hufaa pale ambapo ile ya kiwandani haiwezi kuandikwa upya kwa urahisi, kama katika Impreza nyingi za miaka ya 1990, au pale ambapo injini imebadilishwa kiasi kwamba sensa za awali hazitoshi tena. Kwa gari la barabarani la biti 32, kuing'oa kompyuta ya Denso ni hasara ambayo haitajwi vya kutosha. Kiwanda kilitumia muda mrefu kuifundisha kuwasha injini ikiwa baridi, kusikiliza kugonga kwa sensa iliyofungwa kwenye bloku, na kurudisha taimingi nyuma hatari inapotokea. Na katika Forester yenye gia za otomatiki, sanduku la gia hutegemea taarifa za nguvu ya mzunguko wa injini zinazotumwa na kompyuta hiyo. Fundi wa kompyuta huru huanza kuyajenga hayo yote upya, na wachache huyakamilisha.

Sensa ya kugonga iliyotajwa ina manufaa ya pekee kwa mnunuzi, kwa kuwa huacha ushahidi. Kompyuta hutunza kizidishi kimoja, kati ya 0 na 1, kinachoamua ni sehemu gani ya taimingi ya ziada itumike: kikiwa 1, kompyuta inaiamini petroli na majedwali, kikishuka, imesikia kugonga kunakorudiarudia. Gari lililotoka kwa fundi na kizidishi chake kikashuka chini ya 1 baada ya wiki ya safari za kawaida halijatyuniwa vyema, hata kama nguvu zake zilifurahisha siku ya kwanza.

Upande wa vipimo, kifaa kimoja hakina mbadala, nacho ni sensa pana ya lambda, kama Bosch LSU 4.9, inayofungwa kwenye ekzosi baada ya turbo, ambako joto na shinikizo havipotoshi usomaji wake. Sensa ya kiwandani husaidia injini inapotembea taratibu, lakini haikukusudiwa kuongoza fundi injini inapovuta kwa nguvu zote. Umuhimu wa sensa pana huonekana zaidi pale bomba la kuvuta hewa linapobadilishwa. Sensa ya hewa inayoingia hupima mkondo unaopita mbele yake na kutoa volti tu, bila kujua upana wa bomba. Bomba likipanuliwa, volti ile ile sasa huwakilisha hewa nyingi zaidi, kompyuta humwaga petroli ya hesabu ya zamani, na mchanganyiko hukonda pale pale injini inapohitaji petroli zaidi. Nozeli kubwa nazo zinahitaji takwimu za kweli za mtengenezaji, hasa muda wa kuchelewa kufunguka kwa kila kiwango cha volti, na hazipaswi kukaribia kubaki wazi muda wote. Mafundi wengi hukomea asilimia 85 ya muda huo.

Fundi mwenyewe basi hupimwa kwa mwenendo wa kazi yake. Yule wa kuaminika hukataa kufungua kompyuta kabla ya kupima mgandamizo wa kila silinda na uvujaji wa hewa kwenye mabomba. Hurekodi safari ya kwanza gari likiwa na programu yake ya awali. Hulinganisha petroli na hewa mzigo ukiwa mdogo, ndipo aongeze shinikizo hatua kwa hatua, na taimingi huifikia mwisho. Kutyuniwa kwa mbali, ambako mteja hutuma rekodi na kupokea faili lililorekebishwa, hakustahili kudharauliwa, kwa sababu fundi mzuri aliye mbali na anayesoma rekodi kwa makini humshinda wa jirani asiyerekodi kitu. Ila ni lazima aelezwe mwinuko na petroli, na asipouliza habari hizo kuna sababu ya kumwacha.

Dainamomita, mashine inayopima nguvu magurudumu yakizunguka gari likiwa limesimama, hutoa mazingira salama kuliko barabara ya Thika, lakini namba inayochapishwa huhitaji kusomwa kwa tahadhari. Mashine nyingi hurekebisha matokeo kwa kanuni kama SAE J1349, inayorejea shinikizo la kilopaskali 99 na nyuzi 25 za selsiasi. Kwa hewa ya Nairobi kanuni hiyo huongeza zaidi ya asilimia 20. Marekebisho hayo yalikusudiwa injini inayovuta hewa bila msaada, ambayo kweli hupoteza nguvu kwa kiasi hicho, ilhali turbo tayari imefidia sehemu ya upungufu huo, hivyo hewa ile ile huhesabiwa mara mbili. Karatasi inayotaja nguvu farasi 350 katika karakana ya Nairobi inapaswa kuonyesha pia thamani isiyorekebishwa, na fundi anayeificha anauza kanuni ya hesabu.

Limebaki suala la umiliki wa faili, linalofaa kukubaliwa kabla ya malipo. Baadhi ya njia humruhusu fundi kufunga kazi yake, na hilo ni haki yake. Lakini mmiliki anayehamia mji mwingine na faili lililofungwa humlazimu fundi wa huko kuanza upya. Kwa uchache mmiliki abaki na nakala ya programu ya kiwandani iliyosomwa kutoka kwenye gari lake, takwimu za nozeli, na rekodi za safari za mwisho zikiwa zimeandikwa aina ya petroli iliyotumika na mahali zilipochukuliwa, kwa sababu fundi wa Mombasa atakayeziona kilopaskali 183 hawezi kujua kama turbo ilisukuma 82 juu ya hewa ya pwani au 100 juu ya hewa ya Nairobi, na majibu hayo mawili yanadai majedwali tofauti.