Makoti ya Desemba

Mwanakwaya yeyote aliyewahi kuimba katika kanisa la kuta za saruji anaijua tofauti ya Jumamosi na Jumapili. Jumamosi jioni, wakati wa mazoezi, kanisa ni tupu. Sauti ya kwanza ikipanda inagonga ukuta na kurudi, inazikuta nyingine njiani, na mwalimu wa kwaya anagonga meza mnyamaze mpaka mvumo utulie. Jumapili watu wamejaa hadi mlangoni, na wimbo ule ule umekuwa mkavu. Maneno yanasikika vizuri zaidi, lakini waimbaji mnatoka jasho kuusukuma. Mwalimu wetu alikuwa na onyo lake la Jumamosi: "Kesho watu watainywa sauti yenu." Sisi tuliona ni usemi wa mzee. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimekaa katika Symphony Hall ya jiji la Boston mwezi wa Desemba, ndipo nilipojua kwamba mwalimu alikuwa akitufundisha fizikia.

Ukumbi huo ulifunguliwa tarehe 15 Oktoba 1900. Ndani ni mrefu na mwembamba kama kasha: upana wake ni kama mita 23 tu, ingawa una viti 2,625. Juu kabisa ukutani, katika vishubaka vinavyonikumbusha zidaka za nyumba za Lamu, yamesimama masanamu 16, nakala za plasta za kazi za Wagiriki na Warumi wa kale. Juu ya jukwaa limeandikwa jina la mtunzi mmoja peke yake, Beethoven. Mabamba mengine yameachwa matupu, kwani wakurugenzi wa mwanzo hawakuafikiana juu ya mwingine yeyote. Lakini aliyenifanya nirudi pale jioni baada ya jioni si Beethoven. Ni mtu ambaye hakutunga hata wimbo mmoja.

Wallace Clement Sabine alikuwa mwalimu kijana wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1895 alipewa kazi ambayo wakubwa zake waliikwepa: chumba kipya cha mihadhara katika jumba la makumbusho la Fogg hakikufaa kwa mihadhara. Neno likitamkwa lilielea humo kwa zaidi ya sekunde tano, hata mhadhiri akifika mwisho wa sentensi, mwanzo wake bado uko hewani unagombana na mwisho. Wajenzi wa zama hizo walikuwa na dawa zao za kubahatisha, kama vile kutandaza nyaya chini ya dari. Sabine alitaka kupima kwanza.

Akafanya kazi usiku, kuanzia saa sita hadi kabla ya mapambazuko, tramu za mjini zikiwa zimelala. Vyombo vyake vilikuwa filimbi moja ya kinanda cha kanisa, saa ya kupimia, na masikio. Anapuliza filimbi, anaizima, anasikiliza mpaka sauti ife, anaandika. Kisha yeye na wasaidizi wake wanabeba mito ya viti kutoka ukumbi wa Sanders uliokuwa karibu, wanaipanga chumbani, wanapima upya. Wanaongeza mito, wanapima tena. Asubuhi mito yote lazima iwe imerudi mahali pake. Alifanya hivyo miaka miwili na zaidi. Alipima mito, mazulia, mapazia, na mwishowe akawapima watu. Hapo ndipo ilipothibitika: mwili wa binadamu, na zaidi nguo alizovaa, hunywa sauti, na unaweza kusema kwa tarakimu ni kiasi gani.

Jambo moja katika habari zake ninalipenda kuliko yote. Aliwahi kutupa vipimo zaidi ya 3,000, kazi ya miezi miwili, kwa sababu aligundua kwamba nguo alizovaa yeye mwenyewe nazo zilikunywa sauti na kubadili vipimo. Hakuwa na wa kumlaumu, wala hakuna ambaye angejua. Akaanza upya, na tangu hapo kila alipoingia kupima alivaa koti lile lile, kizibao kile kile, suruali ile ile. Kwangu mimi huo ndio ufundi. Nimewaona mafundi wa majahazi wakiung'oa ubao ambao jicho langu liliuona umekaa sawa, na sura zao zilikuwa na utulivu wa namna hiyo.

Mwaka 1898 Henry Lee Higginson, mwanzilishi wa okestra ya Boston, alitaka kuijengea nyumba mpya. Msanifu, Charles McKim, alikuwa amekwisha kuchora ukumbi wa nusu duara kwa mfano wa Kigiriki. Mchoro ule ukawekwa kando, macho yakageukia ukumbi wa Gewandhaus wa Leipzig, uliosifiwa kwa sauti yake lakini ulikuwa mdogo mno. Kuukuza tu, kama picha inavyokuzwa, kungeuharibu. Sabine, ambaye wakati huo alikuwa ameipata kanuni yake ya kukadiria mvumo, alipiga hesabu ya nafasi, kuta, viti na watu, akashauri upana ubanwe na urefu uongezwe. Kwa mara ya kwanza ukumbi wa muziki ulijengwa kwa kumhesabu msikilizaji pamoja na matofali. Ukijaa, mvumo wake hudumu kwa sekunde mbili kasoro kidogo. Wakosoaji wengine hawakuridhika nao mwanzoni. Sabine alifariki mwaka 1919. Leo ukumbi wake hutajwa kwa pumzi moja na Musikverein wa Vienna na Concertgebouw wa Amsterdam.

Desemba ni mwezi wa kuuona ukumbi huo ukibadili mavazi. Tarehe 1 Desemba 1944 ndipo uliposikika kwa mara ya kwanza muziki wa Béla Bartók aliouita konseto ya okestra nzima, ukiongozwa na Serge Koussevitzky, naye mtunzi, mgonjwa, akiwa ndani ya ukumbi. Na siku za Krismasi zikikaribia, viti vya chini huondolewa, meza hupangwa, watu huketi wakila na kunywa, na okestra ya Boston Pops, iliyoanza mwaka 1885, hupiga nyimbo za sikukuu na muziki wa filamu. Siku hizo nafasi hushuka hadi 2,371. Wapo wanaoona muziki huo ni mwepesi. Mimi nawafikiria wafanyakazi wanaohamisha viti hivyo na kuvirudisha, kama mito ile ya Sanders.

Piano nayo ikisukumwa jukwaani, huwa nawaza jambo ambalo jirani yangu wa kiti huenda halimjii. Katika karne ya 19, vibao vya piano za Marekani vilivishwa pembe za ndovu, na pembe nyingi zilipita Zanzibar kwenda kukatwa katika miji ya Deep River na Ivoryton, Connecticut. Wafanyabiashara wa Salem, mji wa jirani na Boston, ndio waliotuletea kitambaa tunachokiita merikani, wakarudi na pembe hizo. Kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo zilikwenda mabegani mwa watu. Miili hiyo hakuna aliyeihesabu.

Jioni yangu ya mwisho ilikuwa ya Messiah ya Handel. Chama cha Handel and Haydn cha Boston, kilichoundwa mwaka 1815, huiimba kila mwaka tangu 1854. Nje kulikuwa na theluji, na watu waliingia na makoti mazito ya sufu, wengine wakayapakata mapajani. Ilipofika Haleluya, ukumbi mzima ukasimama, kama ilivyo desturi. Nilikuwa nimeuimba wimbo huo utotoni, mwalimu akiwa ametuandikia solfa ubaoni kwa chaki, sisi wa sauti ya tatu tukiwa nyuma karibu na dirisha. Nikaitafuta sauti ya tatu katikati ya kwaya, nikaipata. Midomo yangu ikaifuata kwa solfa, kimya kimya, huku koti langu likiwa mkononi, linakunywa sehemu yake.