Tingatinga Lililopita Kando ya Darasa

Limefika Matisi, hapa Kitale! Nililiona Jumanne asubuhi, Jumatano nikarudi kulitazama tena, na hadi naandika haya sijatulia. Ni tingatinga la kuchimbia mtaro, tani 1.7 tu, lenye mikanda ya mpira badala ya minyororo ya chuma. Lilikuja juu ya Canter ya kawaida kabisa, zile zile zinazobeba mahindi msimu wa mavuno. Likateremka kwenye mbao mbili, likabana mikanda yake hadi upana ukawa chini ya mita moja, kisha likaingia shuleni kupitia lango dogo la wanafunzi. Lango la watu, jamani! Nimezoea kuona ua ukibomolewa ili mashine ipite, halafu ua huo usijengwe tena mwaka mzima.

Wapenda mashine wenzangu, najua mnataka kusikia habari za ndoo na nguvu za mkono wake. Ngojeni kidogo. Njooni kwanza huku ubavuni. Pale chini ya kiti pamebandikwa karatasi ngumu ndogo yenye picha ya spika, herufi L, W na A, na nambari 93. Nilipiga magoti kwenye udongo mwekundu nikaisoma mara mbili, kwa sababu miaka yote nimekuwa nikizisoma nambari hizi kwenye vitabu vya mashine, na sasa moja imekuja kufanya kazi Saboti.

Maana yake ni hii. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake nambari 2000/14/EC, uliweka mpaka wa sauti kwa mashine zinazofanya kazi nje. Mashine ya kuchimba yenye injini isiyozidi kilowati 15 haitakiwi kupita desibeli 93. Hiyo si sauti inayofika sikioni, ni sauti yote inayotoka kwenye mashine yenyewe, kama vile wati za balbu zisivyo mwanga unaoufikia ukurasa wa kitabu. Huku kwetu Kenya, NEMA, mamlaka ya mazingira, ina kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999. Kwa mjengo ulio karibu na shule, hospitali au makazi ya watu, kanuni hizo zinaruhusu desibeli 60 mchana na 35 usiku, na mchana unahesabiwa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni.

Ukiziweka 93 na 60 pamoja utadhani mashine imevunja sheria kabla haijawashwa. Piga hesabu basi, ni rahisi na ni tamu. Kwenye uwanja ulio wazi, ukisimama mita 10 kutoka kwa mashine, toa 28: zinabaki 65. Umbali ukiongezeka maradufu unatoa 6 nyingine, kwa hiyo kwenye mita 20 zinabaki 59. Mstari wa sheria unapita mahali fulani kwenye mita 18! Nilihesabu hatua kutoka ukingo wa mtaro hadi madirisha ya Gredi ya 4, zikawa hatua ndefu ishirini na mbili. Nikasimama chini ya dirisha huku ndoo ikiendelea kupanda na kushuka nyuma yangu, na nikasikia watoto wakisoma kwa pamoja, neno kwa neno, hadi mahali walipokosea wakarekebishwa.

Mwalimu aliniona nimesimama pale, akaja dirishani na chaki mkononi. "Walipochimba ule upande mwingine mwaka jana," akaniambia, "nilifundisha kwa ubao tu siku mbili. Niliandika, wakanakili. Hakuna aliyemsikia mwenzake." Nataka kila mkandarasi wa Trans Nzoia alisikie hilo kabla ya kuniambia kwamba kelele ni jambo dogo.

Haya, sasa tufungue boneti. Ndani mna Kubota D902, silinda 3, sentimita za ujazo 898, haina taabo. Ni injini ndogo inayopendwa dunia nzima, na hapa nimeelewa kwa nini. Fundi aliiwasha ikiwa baridi, saa mbili asubuhi, ukungu wa Mlima Elgon ukiwa haujaondoka. Ikatoa pumzi moja ya moshi mweupe, ikatulia. Injini ilipopata moto nilimwomba anishikie kitambaa cheupe mbele ya bomba kwa dakika moja. Kilirudi na duara la kijivu, rangi ya penseli iliyofutwa vibaya. Nimewahi kufanya hivyo kwa kompresa kuukuu, na kile kitambaa nilikitupa.

Kibao cha injini kina nambari ndefu yenye 2016/1628 ndani yake, yaani kanuni ya Ulaya iitwayo Stage V. Kwa injini za ukubwa huu ilianza 2019. Na hapa nawaambia ukweli ambao wauzaji hawaupendi: Stage V ya injini ndogo si sawa na Stage V ya injini kubwa. Injini ya kilowati 8 hadi 19 inaruhusiwa gramu 0.40 za masizi kwa kila kilowati-saa. Ikivuka kilowati 19, kiwango kinaanguka hadi gramu 0.015, zaidi ya mara 26 chini, na kwa kawaida hapo ndipo chujio la masizi linapohitajika kwenye bomba. Ndiyo maana mashine nyingi ndogo zimejipanga chini ya kilowati 19, kama magari yaliyosimama kabla ya kizuizi cha polisi. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu ambavyo imethibitishwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Basi hata moshi mdogo una watu wanaouvuta. Kubota wenyewe wameshatoa ndugu ya injini hii, D902-K, inayopima mafuta kwa umeme na bado iko chini ya kilowati 19. Hiyo naisubiri kwa hamu kubwa!

Kuna kitu ambacho kibao hakisemi, na sisi wa huku lazima tukijue. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya bahari, na hewa yetu ni pungufu kwa karibu moja ya tano. Injini isiyo na taabo ikipewa mafuta yale yale ya Mombasa, bila hewa ya Mombasa, inabakisha mafuta yasiyoungua, na hayo ndiyo moshi mweusi. Opereta aliposukuma leva ya mafuta hadi mwisho kwenye udongo mgumu, nikauona: utepe mweusi wa sekunde mbili. Aliporudisha leva robo tatu, ukapotea, na ndoo haikupungua kasi kwa kiasi ninachoweza kukitambua. Kijana yule hakufundishwa na mtu, amejifunza kwa kutazama bomba. Anayeleta mashine hizi kwenye mwinuko wetu amwombe fundi apunguze kipimo cha mafuta kabla hazijaanza kazi.

Na mafuta yenyewe? Tarehe 1 Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni, baada ya kusukumwa kwa miaka na watu wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, walioko pale Gigiri, Nairobi. Bila hatua hiyo tusingekuwa na la kuongea leo, kwa sababu salfa nyingi huongeza masizi na huharibu vyujio vya injini mpya. Ila kuna dizeli ya kwenye pampu na kuna dizeli ya kwenye mtungi kando ya barabara. Mwaka 2018 serikali ilitoza mafuta ya taa shilingi 18 kwa lita ili yasichanganywe na dizeli, maana mafuta ya taa hayalainishi pampu ya injini. Tingatinga kama hili usilinyweshe cha mtungi. Tafadhali.

Nina lawama moja. Kibandiko cha 93 kinahusu kuchimba kwa ndoo tu. Alasiri walikuta jiwe, wakafunga nyundo ya haidroliki, na utulivu wote ukaisha. Masikio yangu yalilia hadi jioni. Miteremko ya Elgon ina mawe mengi, kwa hiyo swali hili litarudi. Kazi ya nyundo karibu na darasa ingengoja Jumamosi au likizo, na mkandarasi aombe kibali mapema.

Ijumaa walilipakia tena kwenye Canter. Linaenda Bungoma, kama mita 500 chini yetu, ambako litapata hewa ya kutosha na ningependa sana kuliona likisukumwa leva hadi mwisho. Lilipanda mbao polepole, opereta akakaza kamba, akashuka. Kisha dereva akawasha Canter, na wingu jeusi likakifunika kioski chote cha jirani. Mama wa kioski akafunika mandazi yake kwa sahani, haraka, kwa mkono uliozoea.